Hizo Mbili Umemwachia Nani?

Mwanao akirudi nyumbani na tisini na nane kwa mia, jicho lako linakwenda wapi kwanza? Usijibu kama unavyojibu kwenye kikao cha wazazi. Jibu kama ulivyo sebuleni, umevua viatu, hakuna anayekurekodi.

Jicho la fundi mmoja wa vigae lilikuwa linakwenda moja kwa moja kwenye zile mbili. Si kwamba alikuwa mkali. Hajawahi kumwinulia mwanawe mkono. Aliipokea karatasi kwa vidole vyenye saruji iliyogandia kwenye kucha, akaipitia kutoka juu hadi chini, akakunja uso kama askari anayekagua kitambulisho, halafu akauliza, "Hizo mbili umemwachia nani?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka, binti alicheka, hata jirani aliyekuja kuazima pasi alicheka. Ulikuwa utani wao wa nyumbani, na utani wa nyumbani una kinga yake: hakuna anayeuchunguza.

Kazini walimwita Pimamaji, jina la kile chombo chenye kipovu ambacho fundi hukilaza sakafuni kuona kama imekaa sawa. Wenzake walisema yeye hana haja ya chombo, kipovu anacho kichwani. Akimaliza sakafu hakuondoka. Alipiga magoti akaanza kugonga kigae kimoja baada ya kingine kwa mpini wa mwiko, sikio akiwa ameliinamisha chini. Kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito, fupi. Kilichoachiwa upenyo chini yake hulia kama kopo. Kikilia, Pimamaji hakubishana nacho. Alikivunja palepale, hata kama mwenye nyumba amesimama pembeni akiapa kwamba yeye haoni tatizo lolote.

"Huyu jamaa," alisema fundi bomba mmoja aliyekuwa akikutana naye kwenye kazi nyingi, "hata mlango wa peponi atagonga kwanza asikie kama umejaa vizuri."

Tena palikuwa na kisa kimoja alichopenda kukisimulia kwa kila mgeni aliyekaa kwenye kochi lake. Siku moja alimaliza sakafu ya ukumbi mkubwa, watu wakamsifu, wakataka kuingiza viti. Yeye akasimama mlangoni, akafumba jicho moja, akaona mstari mmoja umepinda kiasi cha unene wa kucha.  Alichukua nyundo, akang'oa sakafu nzima, akaanza upya. Alikisimulia kisa hicho huku akimtazama binti yake, na binti alikijua kwa moyo, mpaka mahali pa kupumzika na mahali pa kushusha sauti.

Binti huyo, mtoto wao wa pekee, baba yake alimwita Nambawani. Jina lilianza darasa la kwanza aliposhika nafasi ya kwanza, na kwa kuwa hakushuka tena, halikuwa na sababu ya kubadilika. Mtaa ukalidaka. Mama yake, aliyekuwa akifua mashuka kwenye hospitali moja, akawa Mama Nambawani. Na Pimamaji, akishuka tu kituoni na mfuko wake wa vifaa, alisikia vijiwe vikimwamkia, "Shikamoo, Baba Nambawani," na uchovu wote ukamtoka kama vumbi likipigwa na maji.

Mtoto alikuwa na akili kweli, tusipindishe. Akiwa bado mdogo alikuwa akimfuata baba yake kazini wakati wa likizo, akimpa vile vijiti vya plastiki vya kuachanisha vigae, na kabla fundi hajamaliza kupima chumba yeye alikuwa amekwisha kutaja vigae vingapi vitaingia na vingapi vitakatwa. Lakini mwaka aliotimiza miaka kumi na minne, kitu kilianza kubana ndani yake. Alikuwa akiandika ukurasa mzima wa daftari lake, akikosea herufi moja anauchana wote na kuanza tena. Chakula kilipoa mezani. Akiulizwa, anasema bado kidogo. Akaanza kulalamika tumbo kila Jumapili jioni, tumbo ambalo Jumamosi lilikuwa zima. Kisha mama yake akagundua kwamba kope za jicho la kushoto zimepungua. Mtoto alikuwa akizing'oa mojamoja akisoma, bila kujua anafanya hivyo.

Mama alimwambia mumewe. Alimwambia tena. Pimamaji akajibu kwamba mtoto ana bidii, na bidii haijawahi kuua mtu. Mama akamuuliza kama na yeye huwa anang'oa kope akipanga vigae. Mazungumzo yakaishia hapo, sahani zikaondolewa.

Na hapa tuseme wazi, maana tumezoea kumung'unya maneno. Mtoto anayeshika mkia darasani ana watu wa kumhurumia. Ana mwalimu wa kumkalisha pembeni, ana shangazi wa kumwombea, ana mjomba wa kumtetea kwamba huyu labda ni wa kazi za mikono. Anayeongoza hana mtu. Ana mashabiki. Na shabiki hakuulizi kama umelala. Anakuuliza mechi ijayo ni lini. Tunampandisha jukwaani, tunampigia makofi, tunampa cheti, tunarudi nyumbani tumeshiba sifa zisizo zetu. Halafu akianza kujing'oa kipande kipande tunasema, ah, watoto wenye akili ndivyo walivyo. Uongo. Ndivyo tulivyo sisi.

Mechi iliyokuwa inangojewa mwaka ule ni mtihani wa kuingia shule ya vipaji, ile inayochukua watoto wachache kutoka kila upande. Siku moja kabla yake, shule iliwafanyisha watahiniwa wake jaribio la mwisho la hesabu, la kujipima tu. Asubuhi hiyo Pimamaji alikuwa kwenye nyumba mpya ya mama mmoja mwenye duka, akimalizia sakafu ya bafu. Alikuwa amepiga magoti, anagonga, simu ikaita mfukoni.

Fundi bomba, aliyekuwa amelala chali chini ya sinki, alimtania kwamba apokee, huenda ni kigae kinapiga kulalamika.

Aliyepiga alikuwa mwalimu wa hesabu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayechagua maneno. Alieleza kwamba binti aliandika vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha akaanza kufuta, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akachukua kalamu, akapiga mistari juu ya kila ukurasa, yote aliyokwisha kuyaandika, akaiweka karatasi mezani na kutoka. Walidhani amekwenda msalani. Mlinzi ndiye aliyesema amemwona akipita getini akikimbia, bila mkoba.

"Nyumbani hajafika?" mwalimu aliuliza.

Pimamaji hakujua. Alitoka bafuni na mwiko mkononi, akavuka sebule iliyokuwa bado haijakauka, akaacha alama za viatu kwenye saruji mbichi kutoka mlango hadi mlango. Fundi bomba alitoa kichwa chini ya sinki kumwita, akaziona zile nyayo. Katika miaka yote hakuwahi kumwona mtu yule akikanyaga kazi.

Njiani alimpigia mkewe. Mama alikuwa zamu, mashine za kufulia zinanguruma, ikabidi arudie mara mbili. Mara ya pili alisikia upande wa pili kitu kikianguka, na simu ikakatika.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Viatu vya shule vilikuwa kizingitini, kimoja kimelala ubavu. Fundi alishusha pumzi, lakini haikufika mbali. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani kulikuwa na sauti: karatasi ikichanwa, kimya, karatasi ikichanwa. Aliita. Sauti ikakoma. Aliita tena. Hakuna.

Fikiria mtu ambaye maisha yake yote amefanya kazi ya kurekebisha, amesimama mbele ya ubao wa mlango asijue ashike wapi. Bisibisi ilikuwa mfukoni. Kitasa kile alikifunga mwenyewe. Angekitoa kabla hujamaliza kunywa maji. Aliigusa bisibisi, akaiacha. Kwenye ukuta wa nyuma dirisha la chumba lilikuwa na nondo na pazia limevutwa. Alizunguka akalitazama, akarudi. Alirudi kwa sababu sauti ya kuchana ilikuwa imesimama kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia.

"Mwanangu, nijibu tu nijue uko salama," alisema.

"Niko."

Neno hilo moja, lenye mafua ya kilio, lilimsimamisha palepale. Akaanza kumwaga maneno. Alimwambia jaribio si kitu, jaribio halihesabiwi. Alimwambia kesho ndiyo kesho. Alimwambia kila mtu anajua uwezo wake, mwalimu anajua, mtaa mzima unajua, yeye hawezi kufeli hata akitaka.

"Ndiyo maana!" binti alipiga kelele, na kitu kikagonga mlango kwa ndani, labda kitabu.

Mama aliingia akiwa bado na aproni ya kazini, imelowa mpaka magotini. Alimtazama mumewe, akautazama mlango, akaelewa kwamba mtu huyu ameshaharibu. Hakumgombeza. Alimsogeza kwa bega, akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaongea na mtu aliye jikoni, kwamba ameacha mashine inazunguka na shuka za wodi nzima, na msimamizi wake lazima sasa hivi anatoa povu kuliko sabuni. Ndani kukawa kimya, lakini kimya cha mtu anayesikiliza. Mama akamfanyia mumewe ishara ya mkono: kaa. Pimamaji akakaa.

Walikaa hivyo mpaka mwanga wa dirisha la sebule ukahama kutoka kwenye kochi kwenda ukutani. Mwalimu alipiga kujua hali. Mama akanong'ona naye, akamwambia mtoto yupo, na akaomba namba ya yule mshauri wa vijana ambaye mwalimu alimtajia tangu muhula uliopita na baba mtu akasema hatuna kichaa humu ndani. Safari hii baba mtu alisikia kila neno na hakupinga. Aliangalia mikono yake.

Ndipo sauti ikaja kutoka chini, karibu sana. Binti naye alikuwa amekaa chini, upande wa pili wa ubao huohuo.

"Baba."

"Naam, Namba..." Akalimeza.

"Nikiwa wa kumi, utaniitaje?"

Mama aligeuza uso akamtazama mumewe. 

"Na wewe," binti aliendelea, taratibu, kama mtu aliyeiandaa hesabu hiyo zamani, "watu watakuitaje?"

Jibu rahisi lilikuwa pale, mdomoni. Nitakuita vilevile. Nakupenda hata ukiwa wa mwisho. Lakini mtoto huyu alikulia kwenye sakafu za watu, pembeni ya mpini wa mwiko. Sikio la kutambua kilicho tupu alilipata hapohapo, kutoka kwake. Angemgundua kabla hajamaliza sentensi. Na akimgundua leo, mlango huu unaweza ukafunguka kwa bisibisi lakini hautafunguka tena kwa njia nyingine. 

"Nitaumia," alisema.

Mama alifumba macho.

"Sitakudanganya. Nitaumia. Nitashuka pale kituoni nitakosa pa kuweka uso, kwa sababu nilijivika sifa zako nikazunguka nazo. Lakini maumivu hayo ni yangu. Si kazi yako kunitibu. Na wa kumi au wa ngapi, nikiingia ndani nitakuuliza kama umekula."

 Pimamaji aliamini kwamba amemaliza kila kitu, amevunja na kuvunja.

"Swali la saba lilikataa," binti alisema mwishowe. "Nilijaribu njia zote. Likakataa. Nikaona na yale mengine yote ni takataka."

"Yote? Si yalikuwa sawa?"

"Si wewe uling'oa sakafu nzima kwa sababu ya mstari mmoja?"

Hilo hakulitegemea. Lilimfika mahali ambapo hata nyundo haifiki. Kisa chake kitamu, kisa cha wageni, mtoto alikuwa amekitekeleza juu ya karatasi yake, ukurasa kwa ukurasa, neno kwa neno, kama mwanafunzi mwema.

"Niliing'oa, kweli," alisema. "Vile ni vigae, mwanangu. Haviumii. Wewe unaumia."

Kisha akasema lile lililokuwa gumu kuliko yote. "Kesho usipotaka kwenda, huendi."

"Na shule ya vipaji?"

"Itafunguliwa bila wewe. Wataimba wimbo wao wa shule wenyewe."

"Unasema tu."

"Mama yako yuko hapa, anasikia."

"Nasikia," mama alisema. "Na akijisahau nitamkumbusha kwa mwiko wake mwenyewe."

Kilichotoka ndani kilikuwa nusu kicheko, nusu kikohozi. Kisha kitasa kikazunguka.

Sakafu ya chumba haikuonekana. Kurasa zilizochanwa zilikuwa zimetapakaa mpaka chini ya kitanda, hesabu za mwaka mzima, kwa mwandiko ule mzuri ambao walimu waliwaonyesha wengine. Binti alisimama katikati, vidole vina wino, na mwanga wa mlangoni ulipompiga usoni, baba yake aliyaona macho yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na kope chache tu kwenye pembe. La kulia lilikuwa limeanza. Aliwahi kuona mstari uliopinda kwa unene wa kucha kutoka upande wa pili wa ukumbi. Hili alikuwa akila nalo meza moja.

Hakujua la kufanya, akafanya alilozoea: alipiga magoti akaanza kuokota karatasi, akizigonga kingo ziwe sawa.

"Baba, acha. Usipange."

Akaziachia. Zikaanguka hovyo, nyingine zikageuka. Mama alikuwa tayari amemkumbatia mtoto, aproni imelowa na yote, na mtoto analalamika kwamba analowa, lakini hatoki.

Jioni hiyo walikula mkate na chai, hakuna aliyetaja mtihani. Si kwamba mambo yalikuwa yametulia. Binti aliumega mkate vipande vidogovidogo, akaviacha kwenye sahani. Kabla hajakwenda kulala alisimama kwenye korido akasema anadhani atakwenda, ila hajui kama ataweza kukaa mle ndani. Akaongeza kwamba baba anaweza kumsindikiza, lakini abaki nje ya ua, na asimpungie mkono. Utakaa tu, Pimamaji alitaka kusema, wewe utakaa tu. Aliuma ulimi. Alisema sawa.

Asubuhi watahiniwa walikuwa wamepanga mstari kwenye veranda, sare zimepigwa pasi, wazazi wamebanana kwenye ua wa waya wakitoa maagizo ya mwisho. Soma swali mara mbili. Anza na unayoyajua. Usiniaibishe. Pimamaji alisimama mwishoni, mikono mifukoni ili isije ikapunga yenyewe. Mstari ulisogea. Binti alifika mlangoni, akasimama, akatoka kwenye mstari. Aliwaruhusu wa nyuma yake wapite, mmoja, mwingine, na mwingine, mpaka veranda ikabaki na yeye na msimamizi wa mtihani. Wazazi walianza kugeuka kumtazama fundi, mmoja aliyemfahamu akamuuliza kwa mnong'ono, "Baba Nambawani, kulikoni?"

 Binti alikuwa ameinama kwenye mfereji wa maji kando ya veranda, anatapika. Alitapika chai yote. Fundi alishika waya wa ua kwa nguvu mpaka ukamkata kiganjani, na jina lilikuwa limemfika kooni, lile la zamani, na hakulitoa. Msimamizi alikuwa ameshika mlango, anasubiri, bila kuufunga wala kumhimiza. Binti alijiinua. Alikwenda kwenye bomba la kunawia, akasukutua, akajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, ukabaki na doa. Alisema kitu kwa msimamizi, msimamizi akatikisa kichwa kukubali, akamwonyesha kiti kilicho karibu na mlango.

Binti akaingia, akakaa.